Ukuaji wa Uchumi na Hesabu Yake

Inapotangazwa kwamba uchumi wa nchi umekua kwa asilimia 5, maana yake si kwamba hazina ya serikali imejaa zaidi, wala kwamba kila nyumba imepata nyongeza ya kadiri hiyo, bali kwamba jumla ya thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa ndani ya mipaka ya nchi kwa mwaka mmoja imeizidi ile ya mwaka uliotangulia, baada ya kuondolewa athari ya kupanda kwa bei.

Sharti hili la mwisho ndilo roho ya hesabu yote. Mkulima wa Pemba aliyeuza pishi 100 za karafuu kwa shilingi 10 kila pishi, kisha mwakani akauza pishi 100 vilevile kwa shilingi 12, fedha zake zimezidi kwa asilimia 20, ilhali karafuu hazikuongezeka hata punje. Ndiyo sababu wanatakwimu huteua mwaka mmoja uwe mwaka wa kizio, wakathamini mazao ya miaka mingine kwa bei za mwaka huo. Na uteuzi huo si jambo hafifu. Kenya, mwezi wa Septemba 2014, ilipouacha mwaka wa kizio wa 2001 na kushika wa 2009, pamoja na kuingiza takwimu mpya, uchumi wake ulidhihirika kuwa mkubwa kwa takriban asilimia 25 kuliko ulivyodhaniwa, nchi ikahesabiwa miongoni mwa zile za kipato cha kati, hali ya kuwa siku ile hapakulimwa shamba jipya wala kufunguliwa duka.

Idadi ya watu nayo ikizidi kwa asilimia 3, katika ile 5 fungu la kila mtu limeongezeka kwa takriban 2 tu.

Lakini linalonishughulisha zaidi ni yale yasiyohesabiwa kabisa. Mahindi aliyoyalima mama kwa chakula cha wanawe hukadiriwa thamani na kuingizwa katika pato la taifa. Kuyapika hakuingizwi, ingawa ugali uuzwao na mama ntilie huhesabiwa kwa ukamilifu. Phyllis Deane, aliyekadiria pato la Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini katika miaka ya 1940, alishikilia kwamba kazi za wanawake vijijini zihesabiwe, na kwa rai yangu alisibu. Ila kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1953 ziliuacha upishi wa nyumbani nje ya hesabu, na hata leo haujaingizwa.