Mashini bila kiti cha shofere: na sisi tutakaa wapi?

Siku hizi vijana wa Uvira wanatumiana video kwenye simu: kamyoni kubwa inabeba mawe, inamwaga, inarudi, na ndani hakuna mtu. Si kwamba shofere amejificha. Kibanda chake hakipo kabisa. Kuna wanaosema ni filamu tu. Kuna wanaosema ni uongo wa kompyuta. Sisi wa sendika tunawaambia wandugu wachimbaji na familia zao: nyingine ni michoro bado, lakini nyingine zimekwisha kuanza kazi. Na hata hapa kwetu Congo iko mgodi wenye mashini za namna ile.

Kutoka mchoro paka kazi

Kampuni za mashini zina desturi moja. Kabla ya kuuza, zinatengeneza kwanza mashini ya mfano, za kuonyesha watu kesho itakuwa namna gani. Mwaka 2016, huko Las Vegas, Marekani, Komatsu ya Japani ilionyesha kamyoni ya mgodi isiyo na kibanda, yenye kubeba tani 230. Haina mbele wala nyuma, kwa hiyo haina haja ya kugeuka: inaenda na kurudi mwendo uleule.

Volvo ya Sweden nayo ilileta vigari vya umeme visivyo na shofere. Mwaka 2018 ilivipeleka kwenye karieri moja karibu na mji wa Göteborg. Vigari 8, kila kimoja tani 15, vilifanya kazi wiki 10 pamoja na mashini ya kuchimba inayokula umeme wa waya. Kisha hesabu ikatoka: moshi wa kaboni ulipungua kwa 98%, gharama ya nishati kwa 70%, na gharama ya waendeshaji kwa 40%.

Wandugu, tusome vizuri ile hesabu ya mwisho. Gharama ya waendeshaji ni kitu gani? Ni mshahara. Ni pesa ya unga, ya minerval ya watoto, ya dawa. Kwa mwenye kampuni ni faida. Kwa nyumba ya mfanyakazi ni swali.

Kibali si mbali

Kule Haut-Uélé, kwenye mgodi wa dhahabu wa Kibali, shimo linashuka zaidi ya mita 700. Chini kule, mashini za kuzoa mawe zinaongozwa na watu wanaokaa juu, ndani ya chumba, mbele ya kioo cha kompyuta. Wanaona njia kwa kamera. Hawapumui vumbi, na jiwe likianguka haliwakuti.

Hapa tuseme ukweli: mashini si adui. Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, kule Kamituga, mvua kali ilijaza mashimo na karibu watu 50 walihofiwa kufa. Kama kungekuwa na mashini ya kushuka pahali pa hatari badala ya mtoto wa mtu, nani angekataa? Yule anayekataa hajawahi kungojea maiti kwenye mdomo wa shimo.

Lakini ni Kamituga ileile iliyotufundisha upande mwingine. Wamama waliokuwa wanatwanga mawe kwa mikono waliona kazi inawaponyoka wakati mashini za kusaga zilipoingia. Hakuna kamyoni ya Las Vegas iliyohitajiwa: mota na pipa la chuma vilitosha. Mashini haikuwauliza. Wenye mashini pia hawakuwauliza.

Mashini gani inatufaa?

Wale wanaochora mashini za kesho wanafikiria migodi mikubwa yenye barabara pana. Misisi na Lubichako haziko vile. Kwetu mchimbaji anatumia nyundo, burini na motopompe inayotoa moshi, na shimo linashikiliwa na miti. Mashini ya kesho inayotufaa sisi ni ndogo: pompe ya umeme wa jua, kipimo cha hewa mbaya, winchi ya kupandisha mifuko ili mgongo wa kijana upumzike. Na Uvira mjini tunakumbuka mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati Mulongwe ilipofurika, ikaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mashini ya kuzoa mchanga na mawe mtoni inafaa ifike kabla ya mvua, isifike kuokota yaliyobaki.

Tena tusisahau kitu kimoja. Betri nyingi zinahitaji cobalt, na zaidi ya nusu ya cobalt ya dunia inatoka Congo. Coltan ya Kivu inaingia ndani ya vipande vidogo vya umeme. Sisi njo tunatoa mali inayotengeneza akili ya mashini. Si haki tutoe jiwe, kisha jiwe lirudi kutufukuza kazini.

Tunaomba nini

Kwanza, mafunzo yatangulie mashini. Mwenye kuendesha pelle leo ajifunze umeme, hidroliki na kompyuta kesho. Mashini bila shofere bado inaharibika, na inahitaji fundi.

Pili, wajumbe wa wafanyakazi waambiwe mapema, kwa maandishi, si siku ya kufukuzwa. Habari ya mashini iandikwe ndani ya mapatano ya pamoja: nani anahamishwa, nani anafundishwa, nani analipwa nini.

Tatu, Sheria ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kampuni ya mgodi itoe 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Sehemu ya pesa ile ijenge shule za ufundi, na wasichana wapate nafasi humo. Mbele ya kompyuta, nguvu ya mkono haiulizwi.

Nne, SAEMAPE na kooperativi zikae pamoja na wamama na wabebaji kabla mashini mpya haijaingia kwenye machimbo. Wale watakaopoteza kazi wa kwanza wawe wa kwanza kusikilizwa.

Mchoro ni karatasi, na karatasi inaweza kubadilishwa. Mashini ikishafika na mkataba ukishatiwa sahihi, kuongea kunakuwa kulalamika. Basi tuongee sasa, kwenye mikutano ya sendika, kwenye kooperativi na nyumbani pia, na kila mmoja amuulize mjumbe wake: mashini inayokuja inaleta nini, na inaondoa nani?