MATUMIZI YA FEDHA: KITU CHA LAZIMA NA KITU CHA ANASA

Ndugu Mkulima wa Ikola,

Mavuno yakisha kuingia, fedha huonekana nyingi, na kila kitu cha dukani huonekana cha lazima. Lakini mvua zikianza mwezi wa Novemba, shamba lataka kulimwa, nawe huna mbegu, wala ghalani hamna chakula. Ndipo mtu huenda kulima kibarua katika shamba la mwenzake, na lake likashikwa na magugu. Hiyo ndiyo mbegu ya njaa ya mwaka wa pili.

Kitu cha lazima ni kile ambacho ukikikosa, kazi husimama au afya huharibika. Kitu cha anasa ukikikosa, huumia moyo tu. Tena kitu kimoja chaweza kuwa lazima kwa mmoja na anasa kwa mwingine. Baiskeli ni lazima kwake apelekaye mihogo sokoni. Lakini mwenye baiskeli nzima akinunua ya pili, hiyo ni anasa. Basi usiulize, “Je, kitu hiki ni kizuri?” Uliza, “Nikikinunua, mwezi wa Januari nitapungukiwa na nini?”

Fanya hivi. Kwanza, pima unga uliwao nyumbani kwako kwa juma moja, kisha zidisha kwa 52. Chakula cha kadiri hiyo kisiuzwe. Mahindi yakaushwe sana, yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi asiyaharibu. Pili, tenga mbegu na fedha za majembe. Tatu, tenga fedha za dawa na za shule. Kitakachosalia ndicho cha kanga mpya, redio na karamu. Wala si vibaya kufurahia jasho lako. Mume na mke wafanye shauri hili pamoja, maana apikaye ndiye ajuaye unga uliobaki.

Wala usitegemee ziwa peke yake. Mbalamwezi ikiangaza, dagaa hupungua nyavuni. Tena mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wazaane. Mwenye akiba huipita miezi mitatu kama hiyo. Asiye nayo hukopa, akalipa kwa mavuno yasiyokomaa bado.

Akiba haiozi. Leo jioni, kabla ya kwenda dukani, pimeni unga.