Sura ya 4: Kosa Lenye Mantiki

Mzazi wa Makwasinyi akija shuleni kumuulizia mtoto wake kwa mwalimu wa Kiingereza, lawama yake haibadiliki: nyumbani ni Kitaita tu, uwanjani ni Kiswahili tu, basi Kiingereza kitaingia wapi? Nimeisikia lawama hiyo Rukanga, nimeisikia Bungule, nimeisikia Maungu kando ya barabara kuu ya Mombasa. Nimeisikia pia vinywani mwa walimu, na hao ndio walionitia uchungu hadi nikaiandika sura hii.

Wanaosema hivyo hukichukulia kichwa cha mtoto kama debe, kwamba likijaa maji ya kisima kimoja, ya kingine yatamwagika. Si kweli hata kidogo. Mtoto wa Gredi ya 7 aliyekulia chini ya mlima Kasigau ameshazimudu lugha mbili kabla hajafundishwa sarufi ya yoyote. Anajua nyanya yake anaamkiwa kwa ipi na makanga wa matatu anajibiwa kwa ipi, wala hazichanganyi asipotaka kuzichanganya. Mwanafunzi wa namna hiyo si mzigo. Ni mtu aliyekwisha kufanya nusu ya kazi.

Dhana ya debe imezaa ukatili. Walionitangulia na wa rika langu wanaikumbuka diski: kibao, mfupa au kipande chochote alichovishwa shingoni mtoto aliyenaswa akisema lugha ya kwao, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliieleza adhabu ya aina hiyo katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, na wasomaji wengi hudhani ilizikwa pamoja na ukoloni. Mimi niliivaa miaka mingi baada ya Uhuru. Haikunifundisha neno hata moja la Kiingereza. Ilinifundisha kunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi kusema. Isitoshe, ripoti ya Gachathi ilipendekeza tangu 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Kwa hiyo anayemvisha mtoto diski hana hata sera ya kujifichia.

Nilipanga kuipitia sarufi kwa aya mbili, kisha msamiati, kisha nituame kwenye fasihi. Lakini kuna daftari moja ambalo sijaweza kulisahau.

Wanafunzi walionyeshwa picha ya mwanamke mlangoni, wakaambiwa waieleze kwa Kiingereza. Msichana mmoja aliandika: "The woman has stood at the door. She has worn a red leso. She has carried a baby." Mwalimu alichora misalaba mitatu ya wino mwekundu na kuandika pembeni kwamba nyakati zimemshinda. Nyakati hazikumshinda. Msichana yule alitafsiri kwa uaminifu kabisa: amesimama, amevaa, amebeba.

Tukitazame kiambishi -me-, kwa maana humo ndimo siri ilimo. Ukisema "amekula", tendo limekwisha. Hapo Kiingereza kinakubaliana nasi na "has eaten" inakaa sawasawa. Lakini ukisema "amelala", humaanishi kwamba alilala akaamka. Unamaanisha kwamba ameingia usingizini na bado yumo. Amesimama: bado yuko wima. Ameketi, ameinama, ameegemea ukuta, amepiga magoti, amevaa kofia, ameshika fimbo, vyote ni hivyo hivyo. Na "anavaa" kwetu ni mtu ambaye mkono mmoja umeingia kwenye shati na mwingine unatafuta njia. Kiswahili kimetenganisha kuingia katika hali na kuwa ndani ya hali, tena kwa silabi moja tu.

Kiingereza hakina utengano huo hapa. Mtu aliye wima mlangoni hupewa umbo lile lile la mtu anayekimbia: "is standing", kama "is running". Aliyekwisha kuvaa na anayejivika wanaweza kuelezwa kwa maumbo tofauti, lakini kwa aliyekwisha kuvaa Kiingereza husema "is wearing", si "has worn". Kwa uchovu na kuiva hukiacha kitenzi kabisa na kuchukua kivumishi: nimechoka ni "I am tired", embe limeiva ni "the mango is ripe". Mwalimu akishaliona hili, dawa ni kipindi kimoja. Awatoe watoto nje, watazame watu barabarani, waseme kwa Kiswahili nani ana -na- na nani ana -me-. Kisha wale wa -me- wagawanywe: wa mkao wa mwili na wa vazi au kitu kilichoshikwa wanakwenda upande mmoja, waliokamilisha tendo wanakwenda mwingine. Vitenzi vya upande wa kwanza si vingi. Vinajaa nusu ya ubao. Nimelifanya somo hili mara nyingi, na kila mara makosa ya mwezi mzima yamepungua kwa juma moja.

Yapo mengine ya ukoo huo. Muulize mtoto wetu kwa Kiingereza kama hajala, naye atajibu "Yes", akimaanisha ndiyo, sijala, kwa kuwa Kiswahili hukubaliana na kauli ya muulizaji. Mgeni atadhani ameshiba, na mtoto atalala na njaa. Huchanganya "he" na "she" kwa sababu yeye ni yeye, awe mama au baba. Wala hiyo si akili nzito: huyu ni mtoto anayepatanisha ngeli chungu nzima kila anapofungua kinywa.

Katika msamiati upuuzi unaonikera ni wa maneno mazito. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho 2023, na wa kwanza wa KJSEA ukafuata 2025, lakini mazoea ya insha za kukariri yalihamia sekondari msingi pamoja na madawati. Watoto humezeshwa mafungu ya maneno ya kufungulia kila insha, jua likichomoza kwa mbwembwe hata kama kisa kinatokea usiku. Wanachokosa ni maneno madogo. Mkono wetu mmoja ni "hand" na ni "arm"; mguu ni "foot" na ni "leg"; kidole hakisemi ni cha wapi. Kuazima ni kwa anayetoa na anayepokea, ndiyo maana mwanafunzi husema "borrow me your pen". Na mtoto wa Makwasinyi ambaye shamba la kwao limevamiwa na ndovu ana kisa cha kweli: anahitaji kukanyaga, kung'oa, kuvunja ua, kupiga madebe, kufukuza. Mpe vitenzi hivyo kwa Kiingereza uone atakavyoandika.

Fasihi nayo hudhaniwa huanzia kwenye kitabu kilichoteuliwa, huko mbele. Oktoba 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka katika chuo kikuu cha Nairobi wakitaka fasihi ya Afrika, simulizi ikiwemo, iwe kitovu cha masomo. Waraka huo una umri wa kuwa babu, na bado simulizi za kijijini hazijafika kwenye kipindi cha Kiingereza.

Na Kasigau ina simulizi. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliuteka mlima huu wakitokea upande wa pili wa mpaka. Waingereza waliwashutumu wenyeji kwa kuwasaidia adui, wakawahamishia Malindi. Wengi walifia huko. Mpe mwanafunzi kazi ya kumuuliza mzee wa kwao, aandike kwanza kwa Kitaita au Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Atakapotaka kuandika kwamba nyanya alisema babake alichukuliwa, atahitaji usemi wa taarifa na wakati uliotangulia wakati mwingine, "had been taken", naye atauuliza mwenyewe, kwa kuwa bila huo kisa cha babu hakisimuliki.

Mwalimu mwenzangu, yapo madaftari yanayokungoja mezani jioni hii. Kabla hujachora msalaba mwekundu, isome sentensi ile kwa Kiswahili, kwa sauti.