Nyika si jangwa, na kiangazi si ukame

Kuna maneno mawili ambayo sisi Wakenya tunayatumia kiholela: jangwa na ukame. Mvua ikichelewa wiki mbili tu, tunalia ukame. Tukivuka Isiolo kuelekea kaskazini tukaona nyasi za rangi ya mchanga, tunasema jangwa. Ati hakuna kitu pale! Naona tunapotosha mambo, na upotoshaji huu una gharama.

Jangwa tunalo, Chalbi, kule Marsabit, ni jangwa hasa. Lakini sehemu kubwa ya maeneo kame, yanayochukua takriban asilimia 80 ya nchi, ni nyika: ardhi ya nyasi, vichaka na migunga. Huko jua na upepo huweza kukausha maji mengi kuliko yale yanayoletwa na mvua, hivyo nyasi hazitegemei unyevu wa kudumu. Hutegemea majira mawili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba.

Katikati ndipo kiangazi huingia. Nyasi za kudumu huacha majani yakauke, zikahifadhi uhai wao mizizini na kwenye vitako vya mashina. Nyasi za msimu hufa, lakini mbegu zake husubiri udongoni. Ikinyesha, siku chache tu nyika inageuka kijani. Basi nyasi kavu si lazima ziwe nyasi mfu. Wafugaji wanalijua hilo. Ndiyo maana huhamisha mifugo ili malisho yapumzike.

Ukame nao ni mvua kukosa kuja wakati wake, au kuja haba mno. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli. Akiba ya mizizini haihimili hali kama hiyo, hasa pale ambapo mifugo imekula nyasi hadi shinani.

Tena jumla ya mvua kwa mwaka haitoshi kutueleza hali ya malisho. Milimita 50 zikigawanyika kwa wiki tatu hulisha nyasi. Zikimwagika kwa siku moja juu ya ardhi iliyo uchi, maji hutiririka na kubeba udongo pamoja na mbegu. Hapo mimea yenye mizizi inayozama, kama mathenge, hupata mwanya wa kutwaa nafasi ya nyasi.

Lugha inahusika vipi? Ukiiita nyika jangwa, unamwambia mpangaji wa matumizi ya ardhi kwamba hakuna cha kulindwa pale, naye ataigawa na kuizungushia ua. Na ukikiita kila kiangazi ukame, siku ukame wenyewe utakapobisha hodi, utakosa neno la kupigia kamsa.