Michezo ya Watoto na Utambulisho wa Jamii: Mfano wa Ishiara, Mbeere

Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anaifahamu istilahi michezo ya chekechea. Huikariri pamoja na vipera vingine vya maigizo, hutaja sifa zake tatu au nne, kisha huharakia ngano na methali. Ni hasara, kwa sababu kipera hiki ndicho mtoto hukitunga mwenyewe pasipo mtu mzima kumsimamia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mchezo unavyomfanya mtoto kuwa mtu wa jamii fulani, na ni kitu gani hasa ndani ya mchezo kinachoitenda kazi hiyo. Mfano unaotumiwa ni wa Ishiara, mji wa soko ulioko Mbeere Kaskazini katika Kaunti ya Embu, jirani na nchi ya Watharaka.

Kabla ya kufika Ishiara, inafaa kuwatazama Wasan wa jangwa la Kalahari, ambao utoto wao umeandikiwa sana na wanaanthropolojia. Lorna Marshall, aliyeanza kukaa nao mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliitengea michezo nafasi kubwa katika kitabu alichokichapisha mwaka 1976. Miongoni mwa aliyoyaeleza ni ngoma ya wasichana wanaorushiana tikiti la mwituni huku wakiimba, kila mmoja akilipokea kwa zamu na kumrushia wa nyuma yake bila kukosa pigo la makofi. Patricia Draper naye alionyesha kwamba watoto hao hawakutwikwa kazi nyingi, na kwamba sehemu kubwa ya siku yao ilikuwa mchezo. Huku kwetu Afrika Mashariki, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hufananishwa na Wasan kwa sababu lugha zao zina vidoko (ingawa Kihadzabe hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha yoyote). Hata hivyo, utoto wao una sura nyingine. Nicholas Blurton Jones na wenzake walibaini kwamba watoto wa Kihadzabe hujitafutia sehemu ya chakula chao, yakiwemo matunda ya mbuyu na mizizi iliyo karibu na kambi. Kwao ni vigumu kusema mchezo umekoma wapi na kazi imeanzia wapi.

Mtoto wa Ishiara yuko karibu zaidi na huyu wa Eyasi. Nchi ya Mbeere ya chini ni kavu. Watu hulima mtama, wimbi, kunde na ndengu, hufuga mbuzi na ng'ombe, na hutundika mizinga ya nyuki. Mbuzi wanahitaji mchungaji na mtama unahitaji mtu wa kuwafukuza ndege. Kazi zote mbili tangu zamani zimekuwa za watoto, na zote zina saa ndefu za kukaa na kungoja. Ndani ya kungoja huko ndimo mchezo ulimozaliwa: kulenga shabaha kwa kombeo au kwa upinde mdogo, kuteguliana vitendawili chini ya mkwaju, kushindana kutambua tunda la mwituni linaloliwa na lisiloliwa. Mtoto asiyeujua mti fulani huchekwa, na kicheko hicho humfunza mimea haraka kuliko somo lolote.

Lakini je, hilo ndilo linalomfanya Mmbeere? Hapa yafaa kwenda polepole. Kulenga shabaha ni kwa Mtharaka kama kulivyo kwa Mmbeere. Kitendawili huitwa ndai kwa Kigikuyu na kwa Kikamba, na kutegana ndai ni burudani ya eneo zima kuanzia Mlima Kenya hadi ng'ambo ya Mto Tana. Ama kati, bano, blada na brikicho, hiyo ni michezo ya Kenya nzima; hata marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilizifikia timu za watoto zilizosuka mipira yao kwa juala. Anayetafuta mchezo ambao ni wa Wambeere peke yao huenda akarudi mikono mitupu, na asidhani kwamba amekosa kitu. Mpaka haumo katika mchezo wenyewe. Umo katika sauti na majina yanayotumiwa wakati wa kucheza.

Kuhusu sauti, Kiembu na Kimbeere vimekaribiana kiasi kwamba wanaisimu wengi huviorodhesha kama lahaja za lugha moja, na vyote ni jamaa wa karibu wa Kigikuyu. Hata hivyo masikio ya watoto ni makali. Pale Mgikuyu anaposema muhiriga kwa maana ya ukoo, Mmbeere husema muviriga. Sauti ya h upande mmoja hujibiwa na v upande wa pili. Wadi ilimo Ishiara yenyewe huitwa Evurore, na v hiyo ni kitambulisho tosha. Katika nchi ambamo makanisa kwa miaka mingi yalisoma Biblia ya Kigikuyu, mtoto alisikia h ibadani Jumapili na kurudia v malishoni Jumatatu. Kuigana matamshi na kuchekana ni mchezo usio na jina wala kanuni, na hakuna vitabu vya kozi vinavyoutaja, lakini ndimo mtoto anapogundua kwa mara ya kwanza kwamba kuna "sisi" na kuna "wale".

Kuhusu majina, Wambeere, kama majirani zao, humpa mtoto jina la babu au nyanya yake kwa utaratibu maalumu. Mtoto anayeitwa kwa jina la babu yake huweza kutaniwa na nyanya kama mume wake, na mama yake mzazi huweza kumwita baba. Utani huo humwingiza mtoto katika igizo hata kabla hajajua kutembea vizuri. Anapofika umri wa kucheza kalongolongo, tayari amezoea kuwa mtu mwingine.

Utambulisho huu wa malishoni haukungoja idhini ya serikali, na hilo ni jambo la bahati. Mwaka 1925 mtawala wa kikoloni G. St. J. Orde-Browne alichapisha kitabu kuhusu jamii za upande huu wa Mlima Kenya, wakiwemo Wambeere, na katika anwani yake akawaita makabila yanayotoweka. Katika sensa ya 2019, Wambeere waliohesabiwa walikuwa zaidi ya 190,000. Wilaya ya Mbeere ilimegwa kutoka Embu mwaka 1996. Katiba ya 2010 ilipoleta kaunti 47, eneo hilo likarudishwa Embu. Mtoto aliyezaliwa Ishiara mwaka 1995 amebadilishiwa anwani mara mbili bila kuhama nyumba.

Kinachoutisha mchezo ni njaa. Utafiti wa lishe uliofanyika Embu katika miaka ya 1980 ulikutwa na ukame wa 1984, na watafiti wakapata nafasi ya kulinganisha. Chakula kilipopungua, watoto wa shule walipunguza mwendo uwanjani na usikivu darasani. Utafiti mwingine wa 1998 hadi 2000, katika shule 12 za Kyeni, uliwapa watoto githeri iliyotiwa nyama, maziwa au mafuta. Waliopewa nyama ndio walioonyesha uchangamfu na uongozi zaidi uwanjani. Ikiwa mchezo ndio shule ya utambulisho, basi ukame huifunga shule hiyo bila tangazo, na Ishiara ni kavu kuliko Kyeni.

Linabaki suala la lugha. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976, sera imependekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya kwanza, lakini katika shule nyingi za Kenya Kiingereza kimewahi mapema zaidi. Kalongolongo hulirekodi jambo hili kwa uaminifu. Watoto wanapogawana majukumu, mama hupika na kukaripia kwa lugha ya nyumbani, mwalimu huingia na Kiingereza chake na kiboko, na askari au mchuuzi aliyetoka mbali huzungumza Kiswahili. Hakuna aliyewafundisha mgawanyo huo. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, nafasi ya askari na mchuuzi ni ya kutafakari: katika igizo hilo lugha yetu inaeleweka na kila mchezaji, lakini bado ni lugha ya mtu anayebisha hodi.