Mji wa Kidatu na Mto Wake

Kidatu ni mji mdogo wa bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, mahali ambapo mto Ruaha Mkuu waacha milima na kuingia tambarare. Mto huo ndio uliouinua mji. Maji yake hunywesha miwa ya kiwanda cha sukari kilichoanza mapema katika miaka ya 1960. Na tangu mwaka 1975 huendesha mitambo ya umeme, ambayo leo ina uwezo wa megawati 204.

Hapa hukutana pia reli mbili: ya Kati, yenye upana wa milimita 1,000, na ya TAZARA, yenye 1,067. Kwa tofauti hiyo isiyozidi vidole vinne, sharti mzigo uhamishwe behewa kwa behewa. Naye apendaye matembezi na aende Sanje, akaone maporomoko ya maji ya mita 170 hivi.

Lakini vijana wetu wazingatie jambo moja. Maji ya mto huu hutoka mbali, Usangu, na tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka huko juu wakati wa kiangazi. Basi mkulima wa Usangu na mwenye taa wa mjini ni majirani, ingawa hawajaonana. Na haki ya jirani twaijua sote.