Usisude pinyo: namna ya kuponyesha shafti ya pikipiki iliyolika



Safari hii siandike juu ya mahindi. Nitaandika juu ya kipande cha chuma cha urefu wa kidole, kwa sababu hicho njo kilinikosesha msimu. Wengi wetu tuliotoka chuo, tukiwa waagronomu, walimu ao wauguzi, kazi yetu inasimama juu ya pikipiki ya zamani. Ikilala, na sisi tunalala. Basi someni hadi mwisho, labda mtaokoa moteri moja.

Mwaka uliopita, mwezi wa kwanza, mvua ikiwa inanyesha kila siku, nilikuwa narudi huku Buluo na mfuko wa mbolea ya urea, kilo 50, nyuma ya kiti. Mamama wa kikundi kimoja walikuwa wamechanga pesa zao. Mahindi yao yalikuwa yamefika magotini na majani ya chini yalianza kugeuka manjano, na wakati huo urea haingoji. Kwenye mpando kidogo nilifungua gazi, moteri ikalia kwa nguvu, lakini pikipiki ikasimama palepale, kama mtu aliyetoa vitesi. Nikafungua kifuniko cha upande wa kushoto. Shafti ilikuwa inazunguka, lakini pinyo ilikuwa imetulia. Meno yaliyoziunganisha yalikuwa yamelika yote.

Kando ya barabara kulikuwa kijana wa kusude. Dakika kumi tu, akashika pinyo na shafti kwa bageti mbili. Nikalipa, nikaenda. Urea ilifika siku ileile na mimi nikajiona mwenye akili sana.

Baada ya wiki tatu nikaona matone ya mafuta chini ya kifuniko. Nikaongeza mafuta. Siku zikapita, nikasahau kuangalia. Siku moja, katikati ya njia, moteri ikakamata. Ilikufa. Kikundi cha pili, waliopanda kwa kuchelewa, hawakupata urea yao kwa wakati, na wakati wa kuvuna nilishindwa kuwatazama machoni.

Nilipeleka moteri kwa mzee mmoja ambaye zamani alikuwa mchonga vyuma katika atelye za Panda. Mnajua vile mambo yalienda: mwaka 2003 Gécamines iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na mikono mingi yenye ufundi ikabaki nyumbani, chini ya miembe. Mzee alifungua, akatoa raba ndogo nyeusi iliyoungua, akaniwekea mkononi.

"Unaona, agronomu? Iyi karaba kadogo njo ilikuua moteri. Hapana pinyo."

"Papa, lakini nilisude tu mbele."

"Njo pale. Moto ya sude inafika wapi? Inafuata chuma."

Raba ile inakaa nyuma tu ya pinyo, kuzunguka shafti, kusudi mafuta yasitoke. Joto la kusude linapita vizuri sana ya kiasi ambacho raba inaweza kuvumilia. Na katika pikipiki zetu nyingi za viharusi vinne, moteri na vitesi vinakunywa mafuta yaleyale, karibu litre moja tu. Raba ikiungua, mafuta yanatoka pole pole, na haiwi vitesi peke yake vinavyokauka, ni moteri nzima.

Sasa tuanze kwenye chanzo.

Kwa nini shafti inalika

Pikipiki nyingi za 125 zinazotembea huku zina moteri ya mtindo wa Honda CG125, iliyotoka katika miaka ya 1970 na kuigwa sana na viwanda vya China. Shafti ya kutoka kwa vitesi inachomoza upande wa kushoto. Ncha yake imechongwa matuta na mifereji, sawa na shamba la viazi vitamu. Pinyo nayo ina matuta yake ndani ya tundu. Matuta ya moja yanaingia kwenye mifereji ya nyingine, na kwa njia hiyo nguvu inapita kwenda kwa mnyororo, kisha kwa kurone ya nyuma.

Kwenye vitesi vya kwanza shafti inazunguka polepole karibu mara kumi kuliko moteri, kwa hiyo inasukuma kwa nguvu karibu mara kumi. Nguvu hiyo yote inapita kwenye kuta za matuta madogo ya unene wa pinyo, milimita chache tu.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika mtindo huu, kile kibati kinachofungwa kwa mabulo mawili ya kle ya 10 hakibani pinyo. Kinaizuia tu isitoke nje. Pinyo inabaki na uhuru kidogo wa kucheza. Ukifungua gazi inagonga mbele, ukifunga inagonga nyuma. Ikiwa imekauka bila grisi, na vumbi letu jekundu limeingia, kila mgongo ni kama kupitisha tupa mara moja. Kwa siku moja ya barabara mbaya, inagonga mara elfu ngapi?

Mambo matatu yanaharakisha ugonjwa huo. La kwanza ni mnyororo uliokazwa kupita kiasi: unavuta shafti wakati wote, unachosha beringi na raba. La pili ni gurudumu la nyuma lisilo sawa, mnyororo unaivuta pinyo kwa upande. La tatu ni pinyo ya bei ndogo, tundu lake likiwa pana tangu dukani. Inaanza kucheza siku ya kwanza.

Namna ya kupima

Toa kifuniko. Kabla ya kusafisha, angalia. Ukikuta unga mwekundu-kahawia katikati ya pinyo na shafti, ule si udongo wa Buluo. Ni chuma kilichosagwa kikapata kutu. Weka vitesi vya kwanza, moteri ikiwa imezimwa, shika pinyo kwa mkono uizungushe mbele na nyuma. Mchezo mdogo sana ni kawaida. Ukiona kwa macho pinyo inatembea na shafti imetulia, kazi ipo.

Kisha toa pinyo, osha shafti kwa petroli, uipapase kwa ukucha. Utakuta kidaraja pale pinyo ilipokuwa inakaa: mahali hapo matuta yamekonda, lakini sehemu ya nje, karibu na ncha, bado ni nzima. Kumbukeni hiyo sehemu nzima, tutairudilia.

Mwisho, shika shafti yenyewe uisukume juu na chini. Ikicheza, beringi imekufa. Hapo hakuna njia ya mkato, moteri itafunguliwa.

Dawa, kuanzia ndogo

Kama matuta yamelika kidogo tu, mara mingi ni pinyo iliyokufa zaidi ya shafti. Tafuta pinyo nzuri, lakini usinunue kwa kuitazama. Endesha hadi dukani, toa ile ya zamani, jaribu mpya juu ya shafti yako kabla ya kulipa. Muuzaji atanung'unika. Mwache anung'unike. Badilisha mnyororo na kurone pamoja, kwa sababu mnyororo uliovutika unakula pinyo mpya haraka.

Kama mchezo unabaki hata na pinyo mpya, kuna gundi za kushikilia vyuma, zile zinazokauka pale hewa haiingii. Loctite 638 inajaza nafasi hadi robo ya milimita, na 660 hadi nusu. Siri yake ni usafi: chuma kikiwa na mafuta hata kidogo, gundi haishiki. Osha, kausha, paka, funga, uache siku nzima bila kuendesha. Siku ya kutoa pinyo utatumia chuma cha kuvutia. Usitumie moto mkali, raba iko palepale nyuma.

Kama matuta yamelika karibu nusu, fanya vile mzee alifanya kwa pikipiki yangu ya pili. Naam, nilinunua nyingine ya zamani, na ugonjwa ulikuwa uleule. Alichukua pinyo mbili mpya za aina moja. Ya kwanza akaiacha nzima. Ya pili akakata meno yote ya nje, akabakiza kitovu chake. Akaingiza zote mbili juu ya shafti, nzima ndani, kitovu nje, kusudi kitovu kishike ile sehemu ya matuta iliyo nzima. Pinyo hizo zina matundu mawili ya mabulo ya kibati. Akapanua yale ya kitovu, akapitisha mabulo, akakaza vipande viwili pamoja vikiwa juu ya shafti. Hivyo matuta yakalingana yenyewe. Kisha akavitoa pamoja, na hapo tu, juu ya meza, mbali na pikipiki, akavisude. Akaviacha vipoe polepole bila kumwaga maji.

Pinyo yenye kitovu kirefu haipokei tena kile kibati, kwa sababu mfereji wake umefunikwa. Kwa hiyo alitoboa ncha ya shafti katikati. Ngozi ya shafti ni ngumu lakini moyo wake unakubali kutobolewa. Alichonga kwanza bushi ya kuvaa juu ya shafti, yenye tundu katikati, kusudi mashini isiende kombo. Tundu la milimita 6.8, kina kama sentimita mbili na nusu, akachonga nyuzi za bulo la 8. Rondele nene, gundi kidogo ya nyuzi, akakaza. Matuta yote akayapaka gundi ya kushikilia.

Kabla ya kufunga kifuniko akaniomba bukari iliyobaki mchana. Nikafikiri ana njaa. Akabandika donge juu ya kichwa cha bulo, akafunga kifuniko, akafungua tena, akatazama unene wa donge lililogandamizwa. "Iko nafasi," akasema. Kama lingekuwa nyembamba kama karatasi, bulo lingekula kifuniko.

Kama matuta yamekuwa makali kama kisu hadi kwenye ncha, badilisha shafti. Katika moteri hii ni lazima kupasua pande mbili, basi badilisha beringi na raba siku hiyohiyo. Beba shafti ya zamani dukani, uhesabu matuta na upime urefu. Kuna watu wanaojaza matuta kwa sude na kuyachonga upya. Inawezekana kwa shafti iliyotolewa na kwa mashini nzuri, lakini ule ugumu wa kiwandani unapotea kwa joto, na kazi inaweza kukulipisha kuliko shafti mpya.

Na kama hakuna namna nyingine?

Sitawadanganya. Kuna siku uko mbali, jua linashuka, na sude ipo. Basi punguza madhara. Tenganisha betri na kile kisanduku cha kuwasha moteri. Waya wa mase usiufunge kwenye fremu, maana umeme utapita ndani ya beringi na vitesi na kuzitoboatoboa. Ufunge kwenye pinyo yenyewe. Kitambaa chenye maji nyuma yake, tone moja, ngoja ipoe, tone lingine. Kisha jua kwamba huo ni mkopo. Angalia mafuta kila asubuhi na upeleke pikipiki kwa fundi wiki hiyo, si mwezi ujao. Chuma kilichosudewa namna hiyo kinaweza kukatika ghafla, na mnyororo ukijikunja mbele unafunga gurudumu la nyuma. Kwenye barabara ya Lubumbashi, malori yakiwa nyuma yako, sitaki kumfikiria mtu wetu hapo.

Kwa pikipiki ambazo bado ni nzima: grisi kidogo kwenye matuta kila unapotoa pinyo, mnyororo uwe na mchezo wa sentimita mbili hadi tatu katikati, kifuniko kifunguliwe kila mwezi wa mvua na kusafishwa.

Nilimuuliza mzee kwa nini alijisumbua na bulo, kitovu na bushi, wakati gundi na sude vingeshika pia. Akajibu: "Mutoto, kitu chote chenye kulika, ukifunge namna utaweza kukifungua."

Pikipiki hiyo sasa iko kwenye msimu wake wa pili. Pinyo imetoka mara mbili, kwa kle ya 13 na chuma cha kuvutia, na raba bado kavu. Mwaka huu urea ilifika kwa vikundi vyote viwili, mahindi yakiwa bado kwenye magoti.